Gari Lililozaliwa Kwenye Uhaba

Ukitaka kumtofautisha mtu aliyeendesha Land Rover ya zamani na yule aliyeiona kwenye picha tu, msikilize anavyoisifu. Wa picha atakwambia ni gari lisilokufa. Aliyeiendesha ataanza kwa kulalamika: joto la injini linalopanda miguuni, kelele zinazowalazimu mpige mayowe ili msikilizane, kiti kisichosogea nyuma hata goti likigusa usukani, na tone la mvua linalopenya kwenye kona ya mlango likikudondokea pajani safari nzima. Halafu atacheka, na hapo ndipo hadithi zitakapoanza. Mimi ni wa kundi hilo la pili. Nilianza kama utingo kwenye gari la mradi, baadaye nikapewa usukani, na ufundi wote ninaoujua niliuanzia chini ya Series III, toleo la tatu la Land Rover, ya inchi 109 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, ile ndefu, yenye injini ya dizeli ya lita 2.25. Tangu hapo nimeendesha magari mengi, na karibu yote yalikuwa mazuri kuliko lile. Hakuna hata moja lililonifundisha zaidi.

Watu husema sifa yake ni ugumu. Sikubaliani nao sana. Gari lile huharibika, tena mara kwa mara. Ila linapoharibika hukuonyesha ni wapi, na pale lilipoharibika mkono unafika. Naamini hilo halikutokana na hekima ya mbele sana ya wahandisi wake. Lilitokana na dhiki.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, kampuni ya Rover ilikuwa Solihull, karibu na Birmingham, kwenye kiwanda kikubwa kilichojengwa kwa ajili ya kazi za vita. Kabla ya vita Rover walitengeneza magari ya heshima, ya madaktari na mawakili. Sasa Uingereza ilikuwa na madeni, chuma kiligawiwa kwa kibali cha serikali, na aliyeuza nje ya nchi ndiye aliyefikiriwa kwanza. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni, alikuwa na shamba Anglesey, kisiwa kilicho ubavuni mwa Wales, na shambani humo alitumia Jeep iliyobaki vitani. Ilikuwa imechoka, na hakukuwa na kitu cha kushika nafasi yake ila Jeep nyingine. Inasimuliwa kwamba mwaka 1947, kwenye ufukwe wa Red Wharf Bay, alimchorea kaka yake Spencer umbo la gari kwenye mchanga. Spencer ndiye aliyekuwa mkuu wa kampuni, kwa hiyo mchoro ule haukuhitaji kusubiri mlango wa mtu.

Gari la kwanza la majaribio walilijenga juu ya chesisi ya Jeep, usukani ukiwa katikati. Hoja ilikuwa kwamba gari moja litafaa nchi za kuendesha kushoto na za kuendesha kulia. Wazo hilo halikudumu, na ukiwahi kujaribu kumwonyesha ishara dereva wa nyuma yako kwa mkono utajua kwa nini.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya bati. Chuma kilikuwa haba, ila aloi ya aluminiamu iliyoitwa Birmabright ilipatikana, kwa kuwa viwanda vya ndege havikuihitaji tena kwa wingi ule wa wakati wa vita. Mashine kubwa za kufinyanga bati ni ghali, na hakuna aliyetaka kuzinunua kwa ajili ya gari lililofikiriwa ni la muda tu, la kupitisha miaka michache mpaka biashara ya magari ya heshima irudi. Basi bodi ikawa ya mabati bapa, yaliyokunjwa kwa njia rahisi kabisa. Chesisi nayo ikaungwa kwa vipande bapa vya chuma, vinne vinne, vikachomelewa kuwa boksi. Rangi ile ya kijani ya mwanzo ilitoka kwenye akiba ya jeshi. Tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa Amsterdam: injini ya petroli ya lita 1.6, nguvu farasi 50, inchi 80 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, pauni 450. Mwanzoni hata milango ilikuwa ya kuongezewa pesa. Nyuma ya gia boksi uliweza kufunga shafti ya kuzungusha msumeno, pampu au mashine ya kupura nafaka, maana waliliuza kama chombo cha shamba. Haukupita muda mrefu Land Rover ikawa inauzwa kuliko magari ya heshima yaliyokuwa yanasubiriwa.

Nilikuja kuyasoma hayo baada ya miaka mingi ya kulihudumia gari lenyewe, na kila aya ilinikumbusha mahali fulani mikononi mwangu. Madigadi yanafungwa kwa boliti. Ukigonga mti unafungua digadi, unaliweka chini juu ya gogo, unalinyoosha kwa nyundo ya mbao, unalirudisha. Halitapendeza, lakini gurudumu litazunguka. Milango inachomolewa kwenye bawaba zake. Kioo cha mbele kinalazwa juu ya boneti. Chini ya kioo kuna vifuniko viwili virefu ambavyo ndivyo kiyoyozi chenyewe: unasukuma kijiti, kifuniko kinafunguka, upepo unakupiga usoni pamoja na vumbi lote la gari lililotangulia, na ukiwa na bahati mbaya, nyuki.

Kwenye sakafu, kando ya kirungu cha gia, kuna virungu viwili vidogo ambavyo mzee aliyenifundisha hakuniruhusu kuvigusa mpaka nijue kuvieleza. Kimoja kina kichwa cha njano. Ukikibonyeza, magurudumu ya mbele nayo yanaanza kuvuta, ukiwa katika gia za kawaida. Kingine kina kichwa chekundu. Hicho unakivuta gari likiwa limesimama, na kinakupa gia nzito pamoja na magurudumu yote manne. Hakuna taa wala mlio. Ni mkono, na kile unachokisikia mkononi. Series III, iliyotoka mwaka 1971, iliwahurumia madereva kidogo kwa kuwapa gia zote nne zinazoingia bila kukwaruza. Kwenye zile za kabla yake gia ya kwanza na ya pili zilitaka ukanyage klachi mara mbili na kuisikiliza injini, na mzee alituona sisi wa Series III kuwa watoto wa kudekezwa.

Mzee huyo, ambaye kwa heshima simtaji jina, alikuwa mtu wa maneno machache. “Kijana,” alinambia mara ya kwanza tulipofika kwenye tope la maana, “gia nzito inawekwa kabla ya tope, haiwekwi ndani ya tope.” Akashuka. Akatembea mbele kwa miguu, suruali imekunjwa, akipima kina kwa fimbo na kukanyaga huku na huku. Aliporudi alikuwa anajua tairi la kushoto litapita wapi na la kulia wapi. Kisha akanipa sheria ambayo hadi leo namfundisha kila anayekaa karibu yangu: dole gumba lisizunguke ndani ya usukani. Usukani wa magari yale hauna kitu cha kupunguza mshtuko. Gurudumu la mbele likigonga jiwe, usukani unarudi kwa nguvu zote, na gumba lililoingia ndani linaweza kuvunjika. Unaweka magumba juu ya duara, pamoja na vidole vingine.

Kwenye mteremko, gia ya kwanza nzito, mguu nje ya klachi, mguu nje ya breki. Hapo ndipo wengi hushindwa, maana mwili mzima unakwambia kanyaga breki. Ukikanyaga, magurudumu yanajifunga na gari linateleza kama sabuni. Ukiacha, injini yenyewe inalishika, linashuka mwendo wa mtu anayetembea, likinguruma. Kwenye maji tulikuwa tunasimama kwanza na kutoa mkanda wa feni ili feni isitupe maji juu ya injini, tunakaza kizibo kidogo chini ya nyumba ya klachi, kisha tunaingia polepole, tukisukuma wimbi dogo mbele ya bampa bila kulikimbia. Anayeingia mtoni kwa kasi hupendeza kwenye picha, halafu husukumwa.

Nieleze habari ya hafshafti, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nilielewe gari hili.

Tulikuwa tumepakia simenti na mabati kupita kiasi, na usukani ulikuwa kwa dereva mwenzetu, mtu wa pupa. Tukafika kwenye mwinuko mfupi wa mawe. Hakujishughulisha kubonyeza cha njano, akajaribu kupanda kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Likamshinda. Akakanyaga mafuta mpaka injini ikalia, akaachia klachi ghafla. Tukasikia mlio mmoja mkavu. Injini inanguruma, gia imo, gari limesimama. Mzee hata hakugeuka kutazama. “Hafshafti hiyo,” alisema, akaanza kutafuta spana.

Hafshafti ni fimbo ya chuma inayotoka kwenye difu, ile gia ya katikati ya ekseli inayogawa nguvu kushoto na kulia, kwenda kuzungusha gurudumu, na kwenye Land Rover nyingi za zamani ilijulikana kama pahali dhaifu, hasa ukizidisha mzigo na hasira. Ila tazama ilivyowekwa. Uzito wa gari unabebwa na nyumba ya ekseli, fimbo yenyewe haibebi chochote. Kwa hiyo hatukupiga jeki wala kutoa tairi. Mzee alichuchumaa penye kitovu cha gurudumu, akafungua boliti sita, akazipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, akavuta. Ikatoka nusu ya fimbo, ncha yake imesokoteka, ikingʼaa pale ilipokatikia. Nusu ya pili ilibaki ndani, na kuivua kwa waya uliokunjwa ncha ndiko kulikotutoa jasho kuliko mengine yote. Hatukuwa na hafshafti ya akiba. Tukaziba tundu, tukashusha nusu ya mzigo tukauacha chini ya uangalizi wa yule mwenye pupa, mzee akabonyeza cha njano. Magurudumu ya mbele yakashika, na gari likarudi nyumbani likivutwa na pua yake.

Gari jingine linge­kuwa gumu zaidi na lisingekatika hafshafti. Nakubali kabisa. Lakini sijui kama ningejua hafshafti ni nini.

Na hapa lazima nimtetee mpinzani. Kuna ushabiki wa Land Rover unaonichosha, ule wa kujifanya kwamba Toyota Land Cruiser ilikuja ikaiba soko kwa bahati. Haikuiba. Toyota walianza na gari lao la BJ mwaka 1951, na jina la Land Cruiser likaanza kutumika mwaka 1954. Australia, ambako Land Rover ilitawala wakati wa ujenzi wa mabwawa makubwa ya umeme ya Snowy Mountains, mkandarasi Leslie Thiess ndiye aliyeingiza Land Cruiser miaka ya mwisho ya 1950, na zikafanya kazi kwenye milima ile ile. Iliyofuata, FJ40 ya mwaka 1960, ilikuwa na injini ya petroli ya silinda sita ya lita 3.9. Dizeli yetu ya lita 2.25 ilikuwa na nguvu farasi 62 tu, kwa gari refu lililopakiwa watu na mzigo. Ukipanda nayo mlima mrefu unapata muda wa kufikiria maisha yako yote.

Solihull walikuwa na taarifa. Tatizo lilikuwa kwa wakubwa waliokuwa juu yao. Rover ilimezwa na Leyland mwaka 1967, mwaka uliofuata ikawa ndani ya British Leyland, lidude la makampuni mengi yenye migomo na hasara. Land Rover ilikuwa inaleta faida, na faida hiyo ilitumika kuziba matundu ya wenzake. Wateja walisubiri magari kwa muda mrefu, na aliyechoka kusubiri aliuziwa la Japani lililokuwapo tayari. Gari la milioni moja lilitoka mwaka 1976, na ungelipaki kando ya lile la Series II la 1958 usingehitaji maelezo kujua ni ndugu. Wapenzi huita hilo uaminifu. Mimi naona lilikuwa pia ukosefu wa fedha.

Lakini kwa nini lilipendwa hivyo, hata na watu ambao hawakuwa na shamba wala mzigo? Sehemu ya jibu ni safari. Mwaka 1955 wanafunzi wa Oxford na Cambridge waliondoka London na Series I mbili wakaenda mpaka Singapore kwa njia ya nchi kavu, wakafika mwaka 1956. Picha za namna hiyo zilikaa vichwani mwa watu. Baadaye yakaja mashindano ya Camel Trophy, ambayo kuanzia mwaka 1981 hadi 1998 yalitumia magari ya Land Rover ya rangi ya mchanga, yakizama msituni na kuvutwa kwa winchi. Churchill alipewa moja mwaka 1954 alipotimiza miaka 80. Mwaka 2021 jeneza la Prince Philip lilibebwa na Defender, jina la baadaye la gari hili hili, iliyofanyiwa marekebisho ambayo mwenyewe alishiriki kuyapanga. Ni gari adimu linaloweza kubeba ndama asubuhi na jeneza la mume wa malkia mchana, bila lolote kati ya hayo mawili kuonekana kituko.

Range Rover ya mwaka 1970, gari jingine la kampuni hiyo hiyo, ni hadithi yake peke yake. Inanihusu kwa jambo moja tu: koili springi, zile za waya mnene uliozungushwa. Chini ya gari letu kulikuwa na springi za bapa, zile zinazopangwa moja juu ya nyingine, na mtu aliyesafiri siku nzima nyuma ya 109 hahitaji kuelezwa zaidi. Mhandisi Spen King na wenzake waliweka koili kwenye Range Rover ili ikimbie vizuri barabarani, ikabainika kwamba porini nako inashinda, kwa kuwa magurudumu yanashuka na kupanda zaidi yakifuata ardhi. Ilichukua mpaka mwaka 1983 kwa koili hizo kufika kwenye gari la kazi, lile la One Ten lililoshika nafasi ya Series III, ikifuatiwa na Ninety mwaka 1984. Nilipoendesha One Ten mara ya kwanza nilisimama baada ya mwendo mfupi nikachungulia chini, nikidhani kuna kitu kimetolewa.

Jina la Defender lilikuja mwaka 1990, kwa sababu Discovery, gari jingine la kampuni, ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla na hili la zamani likahitaji kutajwa kwa jina lake. Wamiliki wakabadilika: BMW mwaka 1994, Ford mwaka 2000, Tata ya India mwaka 2008. Gari likaendelea kufungwa boliti vilevile. La mwisho lilitoka Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya zaidi ya milioni mbili kutengenezwa tangu 1948. Lile la milioni mbili lilikuwa limepigwa mnada mwezi mmoja kabla kwa pauni 400,000, fedha zikaenda kwenye hisani. Mzee angesema nini juu ya bei hiyo kwa gari lisilofungika dirisha vizuri, naweza kukisia, lakini si maneno ya kuandika.

Nimeiendesha Defender mpya pia, ile iliyozinduliwa mwaka 2019 na kuundwa Nitra, nchini Slovakia. Haina chesisi ya kujitegemea, bodi yote ni muundo mmoja wa aluminiamu, inapita kwenye maji ya kina cha sentimita 90, na kirungu chekundu kimekuwa kitufe. Wanaoitukana wengi wao hawajaipeleka popote. Kwenye tope inakufanyia kazi ambayo mimi nilijifunza kwa miaka: inapunguza nguvu kwenye tairi linaloteleza, inaipeleka kwa linaloshika, inalishikilia gari kwenye mteremko bila kukuomba ujasiri. Ni bora, nasema bila kinyongo. Ila taa ya onyo ikiwaka nayo, utakachofanya ni kupiga simu. Huko chini hakuna boliti sita zinazokusubiri.

Kwa anayetaka la zamani, bado yapo mengi, na ushauri wangu ni kwamba asitazame bodi kabisa. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo bodi itangʼaa hata kama chini kumeoza. Lala chini na nyundo ndogo. Gonga chesisi kuanzia nyuma, kwenye ule mhimili wa mwisho unaobeba bampa na ndoano ya kuvutia, kisha uje mbele taratibu. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya bubu. Tazama panapokutana aluminiamu na chuma, hasa chini ya milango na kwenye nguzo, maana metali hizo mbili zikikaa pamoja penye unyevu hulana, na utaona unga mweupe. Kagua ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, kwenye pembe za chini. Injini, gia boksi, difu, hata ekseli nzima vinabadilishwa na fundi mwenye spana na subira. Chesisi iliyooza ni gari jingine. Mwisho chungulia chini ya injini na ya gia boksi. Oili ikiwa inadondoka kidogo, usiogope. Kukiwa kukavu kabisa, pima kama imo kabla hujauliza bei.